Umejuaje? Ushauri kwa Mwandishi wa Siasa Kanda ya Ziwa

Agosti 11, 2021, gazeti la Uhuru, mali ya Chama Cha Mapinduzi, lilitoka na habari ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kuwania urais mwaka 2025. Habari hiyo ilijengwa juu ya mahojiano yake na BBC. Chama chenyewe kikaikana. Katibu Mkuu wa wakati huo, Daniel Chongolo, alisema Rais hakutamka maneno hayo; viongozi watatu wa gazeti wakasimamishwa kazi na uchapishaji ukasitishwa kwa siku 7. Idara ya Habari Maelezo, chini ya Gerson Msigwa, nayo ikalifungia siku 14. Septemba 15 mwaka huohuo, Siku ya Demokrasia, Rais akawaambia wanawake kwamba wao ndio watakaomweka rais mwanamke mwaka 2025.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinavunja imani moja tuliyoizoea, kwamba habari ya kupika ni kazi ya makanjanja na vijana wa mitandaoni wasiopita darasani. Hapa lilikuwa gazeti lililoanza kabla wengi wetu hatujazaliwa, lina wahariri waliokomaa, linamwandika mwenyekiti wa chama kinacholimiliki, na mahojiano yenyewe yalikuwa yamerushwa hewani, kila mwenye simu angeweza kuyasikiliza. Hapakuwa na siri ya kufukua. Kazi ilikuwa kusikiliza na kuandika kilichosikika. Kama jambo hili limetokea huko, sisi tunaoripoti siasa kutoka Mwanza, Geita, Mara na Kagera, mara nyingi tukiwa peke yetu, hatuna sababu ya kujidhania tumesalimika.

Ni nadra mwandishi kuketi akatunga uongo mzima. Kwa kawaida mkononi ana kitu cha kweli: sentensi moja, picha moja, tetesi kutoka kwa mtu anayemwamini. Kisha panaongezwa kidogo. Mheshimiwa amesema “wakati ukifika tutaona”. Mwandishi anaandika kwamba amekataa kuthibitisha. Mhariri anaweka kichwa cha habari kinachosema amejiweka kando. Kijana anayesimamia mitandao ya gazeti hilohilo anatengeneza kadi yenye picha ya mheshimiwa na neno moja kubwa: AJITOA. Wamepita watu watatu baada ya msemaji, na hakuna hata mmoja anayejiona amedanganya.

Ushauri wangu wote unatokana na swali moja ambalo nataka uliulize kwa kila sentensi kabla hujaituma: umejuaje? Nimesikia kwa masikio yangu. Nimesoma waraka na nakala ninayo. Nimeambiwa na mtu aliyekuwepo. Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa. Majibu haya manne hayana uzito sawa, na msomaji ana haki ya kujua anapewa lipi. Kwa hiyo jibu lisibaki kichwani mwako. Liandike ndani ya habari. Sentensi inayoeleza ilikotoka ni ngumu sana kupotoshwa, hata na mhariri mwenye haraka ya kichwa cha habari.

Anza na nukuu, maana ndiko tunakoumizana zaidi. Rekodi, halafu isikilize rekodi yako; wengi hurekodi wakaandika kwa kumbukumbu. Andika na swali lililoulizwa, kwa sababu “ndiyo” ya kiongozi haina maana bila swali lake. Akikwepa, andika kwamba alikwepa. Kukwepa ni habari, tena nzuri, na haihitaji kugeuzwa kuwa kukiri au kukana. Kwenye mikutano ya Magu, Kwimba au Misungwi, mgombea huanza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kisukuma, akachomeka utani na methali, uwanja ukalipuka kwa vicheko. Kama Kisukuma hukijui, usichukue tafsiri ya mpambe wake, wala ya kijana wa chama pinzani aliyesimama nawe. Mchezeshee rekodi mwalimu, mzee wa mtaa, mtu asiye na kadi ya chama mfukoni ikiwezekana, na umuulize kama yale maneno yalikuwa tishio au utani. Maneno ya utani yaliyoandikwa kama tishio yanaweza kuchoma nyumba za watu.

Mwaka 2017 ulituachia mifano miwili ya kujifunza. Septemba, Raia Mwema lilifungiwa siku 90, serikali ikidai limemwekea Rais Magufuli maneno ambayo hakuyasema. Oktoba, Tanzania Daima likafungiwa siku 90 kwa habari iliyosema asilimia 67 ya Watanzania wanatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Hiyo asilimia mtu hahitaji kuwa mtaalamu kuitilia shaka: ingekuwa ni watu wawili katika kila watatu, watoto wachanga wamo. Takwimu za namna hiyo huzaliwa pale asilimia ya kundi dogo inapovishwa taifa zima. Kila ukiandika asilimia, andika ni asilimia ya nani.

Siungi mkono kufungia magazeti. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua Machi 28, 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na naona iliamua sawa. Gazeti likikosea, lisahihishe. Likikataa, lipelekwe Baraza la Habari au mahakamani. Lakini tuambiane ukweli: habari moja ya kupika humpa mwenye rungu sababu ya kuwapiga na wale walioandika kweli. Anayetunga nukuu anawasaliti wenzake wenye rekodi.

Sasa tuje kwenye tumbo, kwa sababu maadili yasiyozungumzia tumbo hayamsaidii mtu. Waandishi wengi wa mikoani hatuna mshahara. Tunalipwa kwa habari iliyotoka, na habari iliyotoka ni ile iliyomsisimua mhariri wa Dar es Salaam. Mkutano uliokwenda salama pale viwanja vya Furahisha hauna bei. Mkutano uliovunjika una bei. Hapo ndipo mkono unapoanza kutia chumvi. Halafu ipo bahasha. Mgombea anaita waandishi hotelini, mkutano ukiisha msaidizi wake anapita na karatasi ya kusaini “nauli”. Wengi wanaipokea na kujiambia haitabadilisha wanachoandika. Inabadilisha. Huandiki uongo, ila unaacha swali moja bila kuuliza, na wiki inayofuata unaacha mawili.

Nakushauri hivi: kama ofisi yako haikulipii usafiri, mwambie mhariri kwa maandishi kabla hujaondoka, na umweleze nani amegharamia gari, mafuta, boti ya kwenda Ukerewe. Kama umesafiri kwenye msafara wa mgombea, msomaji aambiwe hivyo ndani ya habari. Fedha taslimu usipokee. Ninajua ninachokuomba na ninajua kodi ya chumba Igoma au Buhongwa haisubiri, lakini mwandishi aliyesaini ile karatasi ameacha ushahidi mikononi mwa mwanasiasa, na siku atakapotaka kumwandika vibaya, karatasi itatolewa. Habari ukiituma, hifadhi nakala uliyotuma pamoja na rekodi. Ikitoka imepindishwa, andika siku hiyohiyo kuomba isahihishwe na jina lako liondolewe. Usisubiri mahakama ikuulize.

Wamiliki nao wana maslahi. Radio Free Africa na Star TV zimelipa jiji letu la Mwanza sauti iliyosikika nchi nzima, na muasisi wake, Anthony Diallo, amekuwa mbunge wa Ilemela na waziri. Kwa nchi zetu hilo si jambo la ajabu. Kijana anayefanya kazi kwenye chombo chochote ambacho mmiliki wake yumo kwenye kinyang’anyiro afanye jambo moja: mpinzani wa bosi apigiwe simu kabla habari haijarushwa, na muda wa simu hiyo uandikwe kwenye daftari.

Mwanza ina kisa chake kikubwa zaidi cha kudaiwa kutungiwa habari, na wengi mliokuwa watoto wakati ule mnakisikia juujuu tu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin’s Nightmare. Aliipiga hapa hapa: uwanja wa ndege, viwanda vya minofu, watoto wa mitaani, wanawake wakianika mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu, kwenye chanja. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2006. Swali lililoiendesha lilikuwa moja: ndege zinazobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya huja na nini? Watu mbalimbali ndani yake wanazungumzia silaha. Rubani mmoja anasimulia kwamba aliwahi kubeba vifaru kwenda Angola. Lakini silaha zikishushwa Mwanza mtazamaji hazioni.

Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani, na watu wakaandamana mjini kuipinga. Mwandishi wa habari wa Mwanza aliyezungumza ndani yake alishikwa akahojiwa, na uraia wake ukatiliwa shaka. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliandika makala na kisha kitabu akimtuhumu Sauper kwa upotoshaji, akafika mahali pa kudai kwamba watoto wa mitaani walilipwa ili waigize. Sauper akashtaki. Februari 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani kwa kumchafulia jina, na mwaka 2009 rufaa haikumwokoa.

Mimi najifunza mambo matatu hapo, na yote yanahusu kazi yetu ya kila siku. La kwanza, unaweza kuweka kweli mbili bega kwa bega zikazaa ya tatu ambayo huna ushahidi wake. Ndege zinapaa na minofu: kweli. Afrika ina vita na silaha hufika kwa ndege: kweli. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe kwamba ndege hizi, uwanja huu, ndizo. Katika siasa tunafanya hivyo kila wiki: “Mkurugenzi aonekana hotelini na mfanyabiashara, zabuni yatangazwa.” Kama una ushahidi wa kiungo, kiandike. Kama huna, usimwachie msomaji akitunge kwa niaba yako, kwa sababu mpangilio wa sentensi ni wako.

La pili, waliomjibu Sauper kwa hasira nao waliteleza walipokana kwamba watu hula mapanki. Mapanki yanaliwa. Nenda Mwaloni Kirumba, nenda kwenye magenge ya pembezoni mwa mji, utayakuta yanauzwa kwa mama asiyeweza kununua sangara mzima. Kukana jambo ambalo kila mkazi wa jiji analiona kwa sababu tu limesemwa na mgeni kunaondoa uzito hata kwenye hoja yako nzuri kuhusu silaha. Na Garçon, aliyekuwa na maswali ya haki juu ya ushahidi wa ndege zile, aliangukia palepale alipomtuhumu mwenzake: alisema jambo asiloweza kulithibitisha. Tuhuma ya kwamba mwenzako amepika habari ni habari kama nyingine. Nayo inadai “umejuaje?”

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mwenye filamu aliondoka na begi lake, waliozungumza mbele ya kamera wakabaki. Kabla hujamrekodi mvuvi, mama lishe au mtendaji wa kijiji akisema jambo zito la siasa, mweleze litarushwa wapi, lini, na kwamba jina lake litasikika na watu gani. Akisita, mfiche au mwache. Wengi wao hawajui kwamba sauti iliyorekodiwa kisiwani Kome inafika Dodoma kabla ya jioni.

Kuna wanaouliza kama kujificha ili kupata habari nako ni kudanganya. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa BBC, aliingia kwa waganga Kanda ya Ziwa akijifanya mteja, akafichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha ikabidi ajifiche. Alichofanya kilikuwa halali machoni pangu kwa sababu maisha ya watu yalikuwa hatarini, hapakuwa na njia nyingine ya kupata ukweli, na alipoandika aliwaeleza wasikilizaji jinsi alivyoupata. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomtenganisha na mtunzi. Siasa za kawaida hazifiki huko. Usijifanye mwanachama ili unase maneno ya diwani.

Kuhusu kuhesabu wafu, naomba utulie nami kidogo, kwa sababu ziwa hili limetufundisha kwa gharama. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, orodha ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili tu. Waliosafiri daraja la tatu hawakuandikwa. Ndiyo maana hadi leo hatuna idadi moja ya waliokufa, makadirio yakianzia 800 na kupanda. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Usiku wa kwanza ilitajwa miili 44. Idadi iliendelea kupanda hadi 228. Aliyeandika “waliokufa ni 44” aliandika kosa. Aliyeandika “miili 44 imepatikana hadi saa tatu usiku, kwa mujibu wa mkuu wa mkoa, na uokoaji umesitishwa hadi alfajiri” aliandika kweli inayosimama mpaka leo. Tofauti yao ni chanzo na saa. Msiba wa namna hiyo hugeuka siasa kabla ya mazishi. Upande mmoja unataka idadi ishuke, mwingine unataka ipande, na wote watakupigia simu. Idadi isiyo na chanzo na saa usiiandike kabisa, hata kama chombo jirani kimeitoa.

Hali huwa ngumu zaidi pale wenye taarifa wanaponyamaza. Machi 2021 nchi ilijaa tetesi kuhusu afya ya Rais Magufuli. Machi 12, akiwa Njombe, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia wananchi kwamba Rais yu mzima na anaendelea na kazi. Watu kadhaa walikamatwa kwa kusambaza kwamba anaumwa. Machi 17 usiku Makamu wa Rais akatangaza kifo chake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, na iliporudi zikasambaa idadi za waliokufa zilizopishana mno. Nyakati kama hizo mwandishi anabanwa na mashinikizo mawili: kuamini tetesi kwa sababu serikali imeficha, au kuiamini serikali kwa sababu sheria inatisha. Na sheria inatisha kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Fanya kazi yako ileile. Andika kwamba fulani amesema hivi, siku fulani, mahali fulani, na kwamba hakueleza amejuaje. Andika kwamba Rais hajaonekana hadharani tangu tarehe fulani, kama umeihakikisha. Kiongozi wa serikali naye ni chanzo, si uthibitisho, na neno “amedai” linamfaa kama linavyomfaa mpinzani. Unachokijua nusu usikikamilishe kwa kubuni.

Barua za kughushi zimekuwa kero ya kila msimu wa uchaguzi. Inakuja kwenye kundi la WhatsApp, ina nembo, mhuri na sahihi: mgombea amejitoa, msimamizi ameahirisha kura, katibu amefukuzwa. Angalia cheo kama kimeandikwa sawasawa, kumbukumbu namba kama inafanana na za ofisi ile, tarehe kama si ya Jumapili. Kisha piga simu, lakini usipige namba iliyo kwenye barua; piga uliyonayo tangu zamani. Kwa hiyo kabla kampeni hazijaanza, zunguka ofisi zote, Nyamagana, Ilemela, Sengerema, Nansio, uchukue namba ya mtu mwenye meza, siyo ya mapokezi. Picha nayo itafutwe asili yake mtandaoni. Sare za polisi na namba za magari huonyesha mara moja kama ni Nairobi au Kampala. Sauti sasa zinatengenezwa na mashine kwa ustadi wa kutisha, na rekodi isiyo na mahali, siku wala aliyeirekodi haifai kurushwa.

Ukikosea, sahihisha mahali palepale ulipokosea. Kosa la ukurasa wa kwanza halisahihishwi chini ya tangazo la mnada ukurasa wa 14, na kosa la taarifa ya habari ya saa mbili usiku halisahihishwi saa kumi alfajiri. Taja kosa lenyewe: “Jana tulisema diwani amejiuzulu. Hajajiuzulu. Tulitegemea barua ambayo ofisi ya kata imesema si yake, na hatukuwapigia kabla ya kuirusha.” Sekunde chache tu, na msikilizaji amejua kosa liliingilia wapi. Wanaosoma uandishi pale chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, wafundishwe kuandika sahihisho kwa bidii ileile wanayofundishwa kuandika aya ya kwanza.

Usiku wa matokeo ndio mtihani. Mwaka 2010, Ezekia Wenje wa CHADEMA alipomshinda Lawrence Masha, waziri aliyekuwa madarakani, jimbo la Nyamagana, mji ulichemka wakati wa kusubiri matangazo, na kila kijiwe kilikuwa na matokeo yake. Nenda kituoni mwenyewe. Matokeo hubandikwa ukutani baada ya kuhesabu. Piga picha ya fomu ikiwa na sahihi za mawakala, andika jina la kituo, kata na saa. Tangaza kituo hicho kwa jina lake, ukisema ni kituo kimoja kati ya vingapi vya jimbo. Usijumlishe vituo ulivyofika ukatoa mshindi. Chama kikikuletea jumla yake, omba fomu za kila kituo. Kikikosa, sema kimekosa. Na kama msimamizi amechelewa kutangaza, simama mlangoni kwake, muulize sababu, uandike jibu lake na saa aliyokujibu, au saa aliyokataa kujibu.